Tumechoka na Nini? Mjadala wa Barazani, Mombasa, Aprili 2021

Hoja iliyo mbele ya baraza: Wananchi wamechoka na masharti ya korona, na chanjo ndiyo itakayowatoa.

Wasemaji ni watano, na wote nimewatunga mimi. Amri, tarehe, vifo na dozi wanazozitaja sikuzitunga. Nimewaketisha Mji wa Kale kwa sababu mtaa huu ulifungwa mara mbili: kwanza Aprili 2020 pamoja na kaunti nzima ya Mombasa, kisha tarehe 6 Mei ukafungwa tena wenyewe, pamoja na Eastleigh ya Nairobi, hata mkazi wake asiweze kufika upande wa pili wa kisiwa alichozaliwa. Vizuizi vya mtaa viliondolewa mwanzoni mwa Juni. Ramadhani ilikuwa humo, na Idi ikapita humo.

Sasa ni mwanzoni mwa Aprili 2021. Kafyu ni saa nne usiku. Kaunti tano za bara, yaani Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru, zimefungwa tangu 26 Machi na huko kafyu ni saa mbili. Dozi milioni 1.02 za AstraZeneca zimo nchini tangu mwanzo wa Machi, na juzi serikali imetangaza kwamba aliyetimiza miaka 58 aende akachanjwe. Mzee wetu, mstaafu wa bandari, ana miaka 71. Barazani wanataka kujua kama ataenda.

MAMA WA VIAZI: Nianze mimi, maana mafuta yangu yako jikoni. Nyinyi mwasema watu wamechoka na barakoa. Mimi barakoa hainisumbui, moshi wa karai nimeuvuta miaka yote, kitambaa puani si kitu. Kilichonichosha ni saa. Viazi karai ni chakula cha usiku. Mtu atoka kazini, aswali magharibi, anyooshe miguu, ndipo aje asimame hapa ale vikiwa moto, na ukwaju wake. Machi mwaka jana tukaambiwa saa moja jioni kila mtu awe kwake. Saa moja ndiyo saa niwashayo jiko! Nikajaribu kukaanga alasiri. Nani ala viazi karai saa tisa na jua hili, na si Ramadhani? Nilivirudisha nyumbani, wakala wanangu, kesho yake vivyo hivyo, mpaka mtaji wa viazi ukaliwa wote.

KONDAKTA: Na matatu je? Gari la abiria kumi na wanne likaambiwa libebe wanane. Mafuta ni yaleyale, mwenye gari ataka hesabu yake ileile jioni. Tukapandisha nauli, abiria akatutukana sisi. Hakumtukana aliyetoa amri.

MUUGUZI: Na mngebeba kumi na wanne ingekuwaje, kaka? Nyinyi mwayaona mambo haya kutoka barabarani. Mimi nayaona kutoka wodini. Mwezi Januari katika kila watu mia waliopimwa nchini, wawili walipatikana na virusi. Machi wamefika ishirini na wawili. Rais ameitaja hesabu hiyo mwenyewe alipofunga kaunti tano. Mgonjwa akija hewa imemwishia, haulizi kafyu ni saa ngapi, auliza mtungi wa oksijeni uko wapi. Zile saa mnazozilalamikia ndizo zilizotupa nafasi ya kupumua hospitalini. Watu hawakukusanyika, hawakuambukizana, vitanda vikatosha.

MAMA WA VIAZI: Sikatai, mwanangu. Lakini kitanda chako kilipotosha, sufuria yangu ilikuwa tupu. Yote mawili ni kweli, na la kwangu halikutangazwa kwenye taarifa ya habari ya saa kumi.

Hapa naingia kati kidogo. Saa za kafyu zilisogezwa mara kadhaa: saa moja jioni mwezi Machi 2020, saa tatu mwezi Juni, saa tano mwisho wa Septemba, kisha zikarudishwa saa nne mwezi Novemba. Kwa mtu wa mshahara hayo ni marekebisho ya ratiba. Kwa mwanamke wa karai kila saa iliyoongezwa ni mboga ya siku, na kila iliyopunguzwa ni deni dukani. Nchi iliyojaa vibarua na wachuuzi ilipewa masharti yaliyoandikwa kana kwamba kila nyumba ina akiba ya mwezi mzima. Yeyote anayezungumzia uchovu wa watu bila kuanzia hapo hajamsikiliza mtu.

KONDAKTA: Mimi uchovu wangu nitawaambia ulipoanzia. Mimi ni wa Likoni. Ijumaa ile ya tarehe 27 Machi 2020, siku ya kwanza ya kafyu, nilikuwa kivukoni. Amri ilikuwa ianze saa moja jioni. Sisi tulikwenda mapema tuvuke mapema, yaani tulikuwa twatii. Umati ulikuwa mkubwa, mwajua feri hubeba zaidi ya watu laki tatu kwa siku, na siku hiyo wote waliondoka kazini kwa wakati mmoja. Saa moja haijafika, mabomu ya machozi yakaanza, na virungu. Watu wakakohoa, wakatemeana, wakaangukiana. Walioamriwa kukaa mbali wakakalishwa chini, bega kwa bega. Mimi nilikuwa na mamangu. Tangu siku hiyo, dada, ukiniambia jambo hili ni kwa ajili ya afya yangu, nakusikia, lakini mgongo wangu wasema mengine.

MZEE: Na siku tatu baadaye, Kiamaiko huko Nairobi, mtoto wa miaka kumi na mitatu yuko kwenye roshani ya nyumba yao, polisi wako chini wanasimamia kafyu, risasi ikampata, akafa. Inna lillahi.

MAALIM: Rais aliomba radhi.

MZEE: Aliomba, na tulimsikia. Radhi aliomba yeye mara moja, virungu viliendelea usiku kwa usiku.

MUUGUZI: Hilo sina la kulitetea. Sina.

MAALIM: Mimi nitasema la misikiti na makaburi, kwa kuwa hamtalisema. Biashara ikifa yaweza kufufuka. Maiti hazikwi mara ya pili. Mwaka jana waliambiwa wazikao wasizidi kumi na watano. Mji huu, mtu akifa, mtaa mzima husimama. Jeneza hupita mikononi mwa watu, kila mmoja apata thawabu yake, hata humjui marehemu. Nilizika watu ambao watoto wao walikuwa ng'ambo ya kizuizi, hawakuruhusiwa kuingia. Nilisoma dua nikihesabu vichwa. Nilitii, na nawaambia wazi kwamba niliona ni wajibu, kwani Mtume, rehema na amani zimfikie, alikataza kuingia penye tauni na kutoka penye tauni. Karantini kwetu si jambo geni. Lakini kutii hakukuondoa uchungu, na hakuna aliyekuja kutuuliza uchungu huo tumeuweka wapi.

MZEE: Mimi nilikatazwa msikiti, Maalim, wewe wajua. Julai mwaka jana misikiti na makanisa yalipofunguliwa, sharti likawa watu mia, muda saa moja, na mtoto wa chini ya miaka 13 asiingie, wala mtu aliyepita 58. Nimeswali kwenye kile kibaraza changu, nasikia iqama, nahesabu rakaa kwa sauti ya imamu iliyo hatua thelathini kutoka nilipo. Sikugomba. Nilijua ugonjwa huu wapenda wazee. Ila natazama sasa. Miaka 58 ndiyo niliyofungiwa mlango, na miaka 58 ndiyo niitiwayo sindano. Kwanza niliambiwa nikae mbali kwa sababu ya umri, leo naambiwa nije mbele kwa sababu ya umri. Ni sawa. Lakini wakati ule wa mlango hakuja hata mtu mmoja wa serikali kukaa nami pale kibarazani akanieleza. Karatasi ilibandikwa ukutani.

Maneno haya ya Mzee ndiyo niliyoyatafuta tangu mwanzo wa mjadala. Maofisini uchovu wa watu ulichukuliwa kuwa ukaidi: Wakenya hawasikii, Wapwani hawasikii, Mji wa Kale hawataki kupimwa. Kuhusu kupimwa, tuweke mambo sawa. Ni kweli watu walijificha. Lakini kumbuka kipimo kilimaanisha nini katika majuma yale ya Aprili 2020. Aliyewekwa karantini ya lazima alilipia kitanda na chakula mwenyewe, wengine wakizuiliwa zaidi ya siku kumi na nne kwa kushindwa kulipa, hadi Mei serikali iliposema itabeba gharama katika vituo vyake. Na mwezi uleule wa Aprili ikatangazwa kwamba atakayekamatwa akivunja kafyu atapelekwa karantini. Mahali pa kuwatenga wagonjwa pakafanywa adhabu ya wakosaji. Baada ya hapo, ni nani mwenye akili timamu angejitokeza kwa hiari apimwe? Watu walifanya hesabu yao, na hesabu yao ilikuwa sahihi.

MUUGUZI: Sasa mimi nami nizungumze kama mtu, si kama hospitali. Nimechoka kuwazidi nyote. Mwaka jana nikirudi nyumbani nilivulia nguo uani, mtoto alikatazwa kunikimbilia. Desemba tuligoma, mkatulaani. Tulikuwa tunataka vifaa vya kujikinga na bima. Daktari wa miaka ishirini na minane alikufa mwezi huohuo kwa korona, akiwa hajalipwa mshahara kwa miezi mitano. Miezi mitano! Na Agosti kabla ya hapo ilikuwa imefichuka habari ya KEMSA, shirika la serikali la kununua dawa na vifaa vya hospitali, ripoti ya ukaguzi ikataja ununuzi wa shilingi bilioni 7.8 uliojaa kasoro. Bilioni, jamani, na sisi twavaa glavu moja zamu nzima.

MAMA WA VIAZI: Sasa wasema lugha yangu.

KONDAKTA: Na Desemba hiyohiyo, Msambweni, uchaguzi mdogo. Mikutano ya siasa imepigwa marufuku tangu Novemba, lakini wakubwa wamesimama juu ya magari, watu kwa maelfu, barakoa zimo mifukoni. Mimi nikibeba abiria wa tisa nasimamishwa na kutoa kitu kidogo. Basi mtu aseme tu kwamba ugonjwa huu unawabagua wasio na gari la serikali.

MAALIM: Usiseme hivyo. Ugonjwa haubagui, waliobagua ni watu. Tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu ukishaamini ugonjwa ni uongo wa wakubwa, utamwua mamako kwa kuwakasirikia wakubwa.

Kondakta alinyamaza hapo, na mimi namuunga mkono Maalim bila kusita. Hasira yetu ilikuwa ya haki, na virusi vilikuwa vya kweli. Jirani zetu wa Tanzania walitangaziwa mwaka 2020 kwamba nchi yao imeshaokoka, na Januari 2021 wakaambiwa chanjo za kigeni si za kuaminika. Huko hapakuwa na kafyu wala virungu vya kafyu, na hospitali zilipokea wagonjwa vilevile. Kuondoa masharti hakukuondoa maradhi. Msomaji anayedhani mjadala huu unatetea kuachia tu, arudi asome upya.

Ila kuna jambo moja la Mombasa ambalo halisemwi vya kutosha. Desemba 2020 lilizinduliwa daraja la kuelea la Liwatoni, la waenda kwa miguu, kati ya kisiwa na Likoni, na Mwaka Mpya ulipoingia watu wakaanza kulivuka. Lilijengwa haraka kupunguza msongamano wa feri wakati wa korona. Kivuko kilekile ambapo watu walipigwa kwa kosa la kuwa wengi kilipata njia ya pili, na watu waliitumia bila kusukumwa na askari. Hilo nalo lilikuwa hatua ya kuzuia maambukizi, lakini hili lilimpa mtu pa kupita. Serikali ileile, mwaka uleule, iliweza yote mawili.

KONDAKTA: Haya, tuje kwenye sindano. Mzee, usiende. Chanjo hii Wazungu wenyewe wameisimamisha. Denmark, Ujerumani, Ufaransa, Italia, wote mwezi uliopita. Damu yaganda. Halafu hiyohiyo ndiyo tunayoletewa sisi. Na tusisahau Aprili mwaka jana, daktari mmoja na mtafiti mmoja kwenye televisheni ya Ufaransa walikuwa wakizungumza habari ya kufanyia majaribio Afrika. Dunia nzima iliwasikia.

MUUGUZI: Waliwasikia, na mkuu wa Shirika la Afya Duniani, ambaye ni Mwafrika, aliwakemea mbele ya dunia nzima, na Afrika haikugeuzwa uwanja wao. Hii ya AstraZeneca ilijaribiwa kwanza Uingereza, kwa Waingereza, halafu Brazil na Afrika Kusini. Kwetu ilifika Oktoba mwaka jana, hapo Kilifi kwa watafiti wa KEMRI, na wa kwanza kujitolea walikuwa wahudumu wa afya. Watu wa kazi yangu. Hatukuletewa kitu kisichojulikana. Na kuhusu damu kuganda, sitakudanganya kwamba hakuna lililosemwa. Nchi hizo zilisimama, zikachunguza, na tarehe 18 Machi shirika la dawa la Ulaya likasema faida yashinda hatari, na nyingi zikaendelea. Uchunguzi bado wafanyika. Ni jambo la nadra sana. Mzee akichanjwa, siku mbili atasikia homa na mkono kuuma. Akipata maumivu makali ya kichwa au ya tumbo yasiyopoa baada ya siku kadhaa, aje mbio. Hivyo ndivyo nitakavyomwambia usoni, kabla sijamgusa.

KONDAKTA: Hilo la "aje mbio" hawajalisema kwenye redio.

MUUGUZI: Walipaswa kulisema.

MAALIM: Mimi naulizwa kila siku, je, sindano yafunguza? Ramadhani i karibu. Sikilizeni: wanazuoni wengi wamesema chanjo ya msulini si chakula wala haikai pahala pa chakula, haifunguzi. Mwenye shaka achanjwe baada ya futari, kama hospitali itakuwa wazi.

MUUGUZI: Na kafyu saa nne.

MAALIM: Ndiyo. Na kafyu saa nne. Waone hayo wanaopanga ratiba.

MAMA WA VIAZI: Mimi nina swali dogo. Zatosha?

MUUGUZI: Hazitoshi. Zimekuja dozi milioni moja na elfu ishirini, na kila mtu ahitaji mbili. Hiyo ni chanjo ya watu laki tano na elfu kumi, na sensa ya 2019 ilituhesabu milioni 47.6. Zilitengenezwa India. India nayo imeanza kuugua vibaya, imezuia kwanza zisiuzwe nje. Kwa hivyo dozi ya pili tumeambiwa tuisogeze kutoka wiki nane hadi kumi na mbili. Wataalamu wasema kusogeza huko hakudhuru. Lakini mimi najua sababu nyingine ni kwamba stoo ni ndogo.

MAMA WA VIAZI: Basi sisi tulio chini ya hamsini na nane, tumaini letu li kwenye foleni ya nchi matajiri.

Alivyosema ndivyo ilivyokuwa. Habari za matumaini zilitufikia Novemba 2020, chanjo ya kwanza ilipotangazwa kuwa na uwezo wa zaidi ya asilimia tisini. Desemba tukamwona kwenye runinga bibi wa miaka tisini huko Coventry, Uingereza, akidungwa chanjo hiyo wa kwanza baada ya majaribio. Katika nyumba nyingi za pwani siku hiyo ilihesabiwa kuwa mwisho wa korona. Hoteli zitafunguka, ndege za watalii zitatua, watoto watasoma mwaka mzima. Mbona tulisubiri hadi Machi kwa mzigo mdogo namna hiyo? Nchi tajiri zilikuwa zimeshalipia dozi kuzidi idadi ya watu wao kabla chanjo haijathibitishwa, na mpango wa COVAX wa kuzigawia nchi chanjo, uliokusudiwa kuanza na asilimia ishirini ya watu wa kila nchi, ukabaki kugombea zilizosalia. Uchovu wa Mombasa ulirefushwa na mikataba iliyotiwa saini mbali sana na Mombasa. Hilo ni dhulma, na nalisema kwa jina lake.

MZEE: Ngojeni niwaonyeshe mkono wangu. Hapa, juu ya kiwiko, karibu na bega. Waona hiki kikovu, kama senti ya zamani? Hii ni ndui. Mdogo wako, Maalim, hana, na huyu kijana hana, kwa sababu nyinyi mlizaliwa ndui imekwisha. Mimi nilichanjwa nikiwa chuoni, msururu mrefu, tukilia. Nilimwona mtu wa ndui kwa macho yangu. Uso wake sitausahau.

MUUGUZI: Na wajua ilikwishia wapi, Mzee? Hapo Merka, pwani ya Somalia, Oktoba 1977. Mgonjwa wa mwisho duniani kuipata kwa njia ya kawaida alikuwa mpishi wa hospitali, Ali Maow Maalin. Hakuwa amechanjwa. Alisema baadaye aliogopa sindano itamuuma. Alipona. Na miaka yake ya mwisho aliitumia kupita nyumba kwa nyumba akiwashawishi wazazi wa Somalia wachanje watoto dhidi ya polio, akiwaeleza kisa chake mwenyewe, mpaka akafa mwaka 2013 akiwa kazini humo.

KONDAKTA: Huyo ningemsikiliza.

MUUGUZI: Kwa nini yeye, na si mimi?

KONDAKTA: Kwa sababu hakuja na askari.

MZEE: Jibu langu ni hilo. Mimi ndui nilichanjwa kwa kuwa aliyekuja kutuchanja tulimjua, na chanjo naiamini tangu wakati huo. Jumatatu nitakwenda. Naenda kwa ajili ya binti huyu, aliyenieleza la kuganda damu bila kunificha. Lakini nikifika mlangoni nikute askari na rungu lake, nitageuza, na msiniite mjinga.

Kondakta hakushawishika, na sitamlazimisha kwenye karatasi yangu. Alisema umri wake haujafika, atatazama. Mama wa viazi alikwisha kuondoka kabla ya hapo, mafuta yalikuwa yamechemka, na ilikuwa imebaki saa moja na nusu kabla ya kafyu.

Hukumu yangu juu ya hoja ni hii. Sehemu ya kwanza naikataa jinsi ilivyoandikwa. Watu hawakuchoka na tahadhari. Walishona barakoa za vitambaa, waliweka madumu ya maji na sabuni mbele ya maduka, walizika watu kumi na watano kumi na watano. Walichoka kuamriwa bila kuelezwa na kufungiwa bila kulishwa, na kupigwa kwa jina la afya yao. Sehemu ya pili naikubali kwa sharti. Chanjo hutoa watu pale wanapomwamini anayeishika sindano, na imani hiyo ndiyo iliyotumiwa ovyo usiku baada ya usiku tangu Likoni. Walioagiza virungu Machi 2020 hawakujua kwamba Machi 2021 wangehitaji watu walewale wanyooshe mkono.

Yaliyofuata yanajulikana. Kafyu iliondolewa 20 Oktoba 2021, Siku ya Mashujaa. Mwezi mmoja baadaye, dozi zilipokuwa nyingi na watu wachache, serikali ikatangaza kwamba kuanzia 21 Desemba asiyechanjwa atanyimwa huduma za ofisi za umma, usafiri na hoteli. Amri tena. Mahakama Kuu iliisimamisha kabla haijaanza. Mwisho wa Februari 2022 dozi 840,000 za AstraZeneca zilifikia tarehe ya kuharibika bila kutumika. Misaada mingi ya chanjo ilifika ikiwa imebakiza muda mfupi, na lawama hiyo ni ya waliotoa. Lakini mikono haikuwepo vilevile, na lawama hiyo iko Nairobi.

Gonjwa jingine litakuja. Wewe utakayekuwa Waziri wa Afya siku hiyo, mtume muuguzi kabla ya askari. Kama ni lazima mtaa ufungwe, unga na maji vifike usiku uleule wa tangazo. Anayepimwa asilipishwe hata senti, wala karantini isitumike kumwadhibu mtu yeyote. Taja madhara ya dawa kwenye redio kabla hayajatajwa mitaani. Na aliyempiga mtu foleni ya feri ashtakiwe wiki hiyohiyo, kwa jina lake, ili atakayekuja na sindano mwaka unaofuata asimkute mtu huyo amemgeuzia mgongo.